Wanga wa Muhogo kwa Pai ya Embe

Pai ni unga wa ngano uliokandwa, ukasukumwa kama chapati, ukatiwa matunda ndani, kisha ukaokwa. Hapa Kitaya tunaweza kuioka bila jiko la umeme. Sufuria yenye kifuniko inatosha, makaa chini na makaa juu.

Taabu ni maji ya embe. Embe likipata moto hutoa maji mengi. Pai inalowa chini na kupasuka. Je, nani atatoa pesa yake anunue uji?

Wengine hutia unga wa ngano ndani ya embe. Mimi sikubaliani nao. Embe linapoteza rangi yake na ladha ya unga mbichi inabaki. Wengine hununua wanga wa pakiti. Huo ni mzuri, lakini kwa nini tununue kitu kilichomo shambani? Wazee wetu walitia nguo wanga wa muhogo kabla ya kupiga pasi. Wanga huo unafaa jikoni pia.

Chukua muhogo mtamu. Menya, osha, twanga. Changanya na maji mengi, chuja kwa kitambaa safi. Acha maji yatulie mpaka wanga mweupe ukae chini. Mwaga maji ya juu, wala usiyape mifugo. Tia maji mapya, rudia, kisha anika wanga mpaka ukauke kabisa. Unga wa makopa si wanga. Rojo lake halingʼai.

Hapo nimesema muhogo mtamu, na sikusema bure. Muhogo mchungu una sumu. Mwaka 1988 watu waliugua wilayani Masasi, humu humu mkoani Mtwara, kwa kula muhogo ulioandaliwa haraka haraka wakati wa upungufu wa chakula. Mwaka 1981 huko Msumbiji, katika jimbo la Nampula, watu zaidi ya 1,000 walipooza miguu. Utasema, kijiko cha wanga ni kidogo. Kweli. Lakini anayeharakisha wanga leo, kesho ataharakisha unga wa ugali wa watoto wake.

Sasa tupike. Kwa vikombe vitatu vya embe lililokatwa, koroga vijiko viwili vya chakula vya wanga katika maji baridi kidogo. Usimwage wanga mkavu katika embe la moto, utapata madonge. Chemsha embe na sukari, punguza moto, mimina wanga huku ukikoroga. Rojo likingʼaa na kuwa zito, ipua mara moja. Ukizidi kuchemsha, hasa matunda machachu kama nanasi, rojo hulegea tena.

Acha lipoe kabisa ndipo ulitie katika pai. Rojo la moto huyeyusha mafuta yaliyokandwa katika unga. Pai ikiiva, usiikate upesi hata kama watoto wanalia. Rojo hushika vizuri likipoa.