Haja ya Usiku ya Mbwa Mdogo
Mwenye kufuga mbwa wa umbo dogo, kama vile Chihuahua au Yorkshire Terrier, ambaye uzito wake aghalabu ni kama kilo 3 tu, hana budi kufahamu ya kwamba kibofu cha mnyama huyo ni kidogo, na kwamba mtoto wake wa miezi 2 hawezi kustahimili usiku zaidi ya saa 2 au 3 pasipo kutolewa nje. Basi kumpiga alfajiri, au kumsugua pua katika mkojo wake, kama wafanyavyo baadhi ya watu kwa ghadhabu, ni dhulma tupu, maana hajui anaadhibiwa kwa lipi, na mafunzo ayapatayo ni kujificha. Mbwa kwa tabia yake huchukia kuchafua malazi yake: alazwe mahali padogo karibu na watu, atolewe kabla ya kulala na tena usiku wa manane, pasipo mchezo, asifiwe papo hapo amalizapo. Palipochafuka pasisafishwe kwa dawa ya amonia, kwani harufu yake yashabihi ya mkojo, nayo humrejesha pale pale. Ama mbwa mzima aliyekwisha kuzoea kungoja, akianza ghafula kulowesha malazi, apelekwe kwa daktari wa mifugo kabla ya kulaumiwa.