Wimbo Tunao, Jina Liko Wapi?

Juzi, baada ya sala ya isha, nilikuwa nimeketi barazani Kibokoni na wazee wenzangu, kikombe cha kahawa chungu mkononi, akaja mtoto wa ndugu yangu na simu yake. "Ami," akaniambia, "sikiza hii, najua utaipenda." Akabonyeza. Ukaanza udi, ikafuata tabla, kisha ikaja sauti ya mwimbaji mmoja wa hapa petu, Mungu amrehemu. Ubeti wa kwanza haujesha nilikuwa nimeutambua wimbo. Tena si wimbo tu, niliyatambua maneno, kwa kuwa maneno yale niliyatunga mimi mwaka 1994, kwa kalamu ya wino, katika daftari ambalo mpaka leo ninalo sandukuni. Mwimbaji alikuwa ameniagiza nimtungie. Nikampa kwa mkono wangu, naye akanipa ahsante na sahani ya pilau.

Nikamwuliza kijana, "Hapo wameandika nani katunga?"

Akasogeza kidole juu na chini. "Hawakuandika, ami. Wameandika 'Taarabu ya zamani, Mombasa'. Halafu pana jina la huyo aliyeutia kwenye YouTube."

Mzee mmoja akacheka mpaka kahawa ikamwagika. "Basi zamani ndiwe wewe!"

Nami nikacheka, lakini usiku ule sikulala mapema.

Mpenzi msomaji, usidhani kilichoniuma ni kwamba wimbo umenakiliwa. Ningeumwa na hilo kwa uso gani? Mimi mwenyewe ni mnakili wa tangu ujana. Mwaka 1986 kaka yangu, aliyekuwa baharia, alirudi kutoka Dubai na redio ya kaseti mbili, ile ambayo upande mmoja wasoma kanda na wa pili waandika, na tokea siku hiyo nyumba yetu ikageuka duka lisilo na leseni. Watoto wa mtaa wakija na kanda tupu za dakika sitini na tisini. Wasiokuwa na pesa wakija na kanda za dukani zilizokwisha vunjwa vile vijino vya nyuma ili zisiandikwe tena, nasi tukiviziba vijishimo kwa karatasi au plasta, kanda ikawa mpya. Nimefuta mawaidha kwa taarabu, na nimefuta taarabu kwa mawaidha, Mwenyezi Mungu anisamehe yote mawili.

Wala sikuwa peke yangu, maana biashara nzima ya taarabu katika mji huu ilisimama juu ya kunakili. Zama za santuri ilihitajiwa mitambo na safari. Siti binti Saad na wenziwe ilibidi wavuke bahari mwaka 1928 mpaka Bombay ndipo sauti zao ziingie katika sahani. Kaseti, ambayo kampuni ya Philips ya Uholanzi iliionyesha dunia mwaka 1963, iliuondoa mzigo huo. Bendi yapiga harusini, mtu ameweka tepurekoda mbele ya spika, na siku ya pili kanda iko dukani, mwenye duka azalisha nyingine kutokana na ile, moja baada ya moja, kadiri wanunuzi wajavyo. Mwimbaji alipata ujira wake wa harusi na tuzo za akina mama, na pengine kitu kidogo kutoka kwa mwenye duka. Baada ya hapo kanda ni ya Mungu. Yapanda basi la Lamu, yapanda ndege ya Maskati, na kila ifikapo yazaa. Hivyo ndivyo zilivyosafiri sauti za akina Juma Bhalo, Zein l'Abdin na Maulidi Juma, na sioni kwamba pangekuwako njia nyingine wakati ule.

Sasa, sheria yasemaje? Mengi yasemwayo barazani juu ya jambo hili ni uvumi. Wako waaminio kwamba wimbo ukishaingia katika simu ni wa umma. Wako waaminio kwamba ni lazima kwanza mtu aende Nairobi akauandikishe ndipo uwe wake. Yote mawili si kweli. Kenya ilitunga Sheria ya Hakimiliki mwaka 1966, ikatunga nyingine 2001 iliyoanza kutumika Februari 1, 2003, nayo ikarekebishwa mwaka 2019. Kwa sheria hii utungo una ulinzi tangu pale unapoandikwa au kurekodiwa. Kuuandikisha kwa Bodi ya Hakimiliki ni ushahidi mwema siku ya ugomvi, lakini si sharti. Haki hiyo hudumu umri wote wa mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kanda nayo ina haki yake mbali, ya miaka 50 tangu iliporekodiwa, na mwenyewe ni yule aliyefanya mipango ya kuirekodi. Tena mwimbaji ana yake. Kwa hivyo wimbo mmoja wa harusi waweza kuwa na wenyewe watatu au wanne: aliyetunga maneno, aliyetia mahadhi, waliouimba na kuupiga, na aliyeurekodi. Barazani tumezoea kumhesabu mmoja tu, yule mwenye sauti.

Sheria ya 2001 ilifikiri hata juu ya sisi wa kaseti mbili. Iliweka haki ya kutoza kitu juu ya kanda tupu na vyombo vya kurekodia viingiapo nchini, ili fungu hilo liwafikie wenye nyimbo, kwa kuwa hapana askari awezaye kuingia chumbani mwa kila mtoto anakiliye. Ni fikira ya busara, ila ilifika kama abiria wa Likoni akutaye feri imekwisha ondoka. Kaseti zilikuwa zikielekea makaburini, zikaja sidi, zikaja flashi, na leo kila kitu kimo katika simu ya kijana. Marekebisho ya 2019 yamemfungulia mlango mwenye haki aweze kupeleka notisi kwa wenye mitambo ya mtandao ili kazi yake iondolewe. Ningeweza kuufuata mlango huo. Lakini je, nataka wimbo wangu uondolewe? Mwimbaji amekufa, kanda ya asili haijulikani iliko, na huyo kijana aliyeutia huko huenda ndiye aliyeuokoa na uvundo wa sandukuni.

Kuna na hoja za dini, ambazo hapa kwetu hazikosi kuingia. Mmoja wa wazee alisema elimu haizuiliwi, na akatoa mfano wa kanda za mawaidha, ambazo masheikh wenyewe wamekuwa wakihimiza zinakiliwe na kugawiwa fi sabilillahi. Ni kweli, nami nimezigawa. Lakini mfano huo haumsaidii, kwa sababu pale mwenye mali ametoa ruhusa kwa ulimi wake, na sadaka hutoka mkononi mwa mwenyewe. Mwengine akasema, muziki ni haramu, na kilicho haramu hakina mwenyewe, basi hapana wizi. Mambo ya uharamu wa muziki nawaachia wanavyuoni, wameyajadili kabla babu zetu hawajazaliwa. Ila huyu bwana alikuwa akiyasema hayo huku kidole kikipiga mdundo juu ya goti. Anayeuona haramu na auache kabisa. Hawezi kuuharamisha wakati wa kulipa na kuuhalalisha wakati wa kusikiliza. Na kwa atakaye kauli ya wakubwa, Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu yenye makao Jeddah, katika kikao chake cha Kuwait cha Desemba 1988, iliamua kwamba haki za utungaji na uvumbuzi ni mali yenye thamani, yalindwa na sharia, na haijuzu kuidhulumu. Uamuzi huo haukutaja udi wala tabla, nami sitaubebesha lisilokuwamo. Nasema tu kwamba wazo la mtu kuwa na haki katika alichokitunga halikuletwa na Wazungu peke yao.

Hapo ndipo ninapokuja kwenye lililoninyima usingizi. Sisi tuliosoma vyuoni tumelelewa na kunakili. Ubao, wino, kalamu ya mwanzi, mwalimu asoma nasi twaandika. Vitabu vya tenzi vilikuwa vikipita hivyo kutoka Pate mpaka Mvita, mkono kwa mkono, na kunakili kulikuwa ni thawabu. Lakini tazama adabu ya wale wanakili. Mtunzi alikuwa akilitia jina lake katika beti za mwisho, na mwenye kunakili hakulitoa. Akimaliza aliandika chini jina lake mwenyewe, kwamba huyu ni mnakili, na tarehe, na kuomba dua ya msomaji. Watu wawili, kila mmoja na cheo chake. Muyaka bin Haji alikufa yapata mwaka 1840 na hakuacha kitabu. Kiasi cha nusu karne baadaye Mwalimu Sikujua bin Abdallah wa hapa Mombasa na Mwingereza W. E. Taylor wakayaandika mashairi yake yaliyokuwa bado katika vifua vya watu, na mwaka 1940 yakatolewa diwani huko Johannesburg na William Hichens. Jina la Muyaka liko juu ya diwani ile. Lau wanakili wale wangeandika "Mashairi ya zamani, Mombasa", leo tungekuwa na tungo tu, na Muyaka tusingekuwa naye.

Kaseti ndiyo iliyoanza kuuvunja mwendo huo, tena kwa mikono yetu. Wimbo wa taarabu una beti chache, mtunzi hapati nafasi ya kujitaja, na karatasi ya kanda ilikuwa nyembamba. Nami niliandika nini juu ya kanda zangu zile? Niliandika "Bhalo namba 3". Sikuandika kamwe kwamba maneno mengi aliyokuwa akiyaimba marehemu Juma Bhalo yalikuwa ni ya binamu yake, Ustadh Ahmad Nassir, Malenga wa Mvita, ingawa nilijua. Sikuandika kwamba Zein aliimba na tungo za Sheikh Ahmed Nabhany. Niliona kila mtu ajua. Sasa Juma Bhalo amefariki 2014, Zein 2016, Nabhany 2017, na vijana wanaozitia kanda zile mtandaoni wanaandika waliyoyakuta juu ya kanda. Kosa walilolikuta tuliliandika sisi.

Na sheria, nilipoisoma tena kwa utulivu, nimeona kwamba katika jambo hili iko karibu na wale wanakili wa kale kuliko nilivyodhani. Yasema kwamba kazi ikiagizwa na mtu, hakimiliki yahesabiwa imehamia kwa aliyeagiza, ila wawe wamepatana vingine. Fikiri hapo, ewe mtunzi wa harusi! Bibi aliyekuagiza umtungie wimbo wa kumpiga vijembe jirani yake, huenda wimbo ni wake. Na tukiipima kadhia yangu kwa sheria ya leo, huenda pilau ile ya 1994 ndiyo iliyoununua utungo wangu, nami nimekwisha kula. Lakini sheria hiyohiyo yasema kwamba hata haki ya fedha ikihama, mtunzi hubaki na haki ya kutajwa kuwa ndiye mtunzi. Fedha huuzika, jina halihami.

Vijana wa leo wanapozungumza juu ya hakimiliki huzungumza fedha tu, mrabaha wa redio, mrabaha wa miito ya simu, na magomvi ya vyama vya kukusanya. Siwalaumu, njaa ni kitu kibaya. Lakini Chama cha Hakimiliki ya Muziki kimekuwako tangu 1983, na chama chochote, kiwe kizuri au kibaya, hakiwezi kumpelekea shilingi mtu aitwaye "Taarabu ya zamani". Wengi watakaopotea kabisa ni wanawake, waliotunga kwa wingi kwa ajili ya ngoma za akina mama, tena wengine kwa siri, kwani wimbo wa fumbo haukupendezewa kujulikana katoka nyumba gani.

Jumamosi nilimwita yule kijana, nikatoa daftari sandukuni na kanda zangu zilizobaki, tukakaa toka alasiri mpaka magharibi. Kila wimbo alioupata katika simu nilimwambia nimjuaye kuwa mtunzi, naye akaandika chini yake. Wangu tuliuandika pia. Wimbo mmoja, wa kike, nilimtaja mtunzi kwa yakini kabisa, bwana mmoja wa Kuze ambaye nilimjua.

Baada ya siku mbili kijana akaja mbio. Pamejibiwa. Mjukuu wa bibi mmoja wa Lamu alikuwa ameandika kwa niaba ya nyanyake, kwamba ami wako amekosea, wimbo ule kautunga mama yake bibi huyo, bwana wa Kuze alikuwa akiupeleka tu kwa bendi kwa kuwa mwanamke hakuweza kwenda mwenyewe. Na zaidi ya hayo, kanda imeruka ubeti mmoja, wa nne, na bibi anao kwa moyo. Alikuwa ameuandika wote, pamoja na jina la mamake. Nikamwambia kijana afute nililosema mimi. Kisha nikachukua kalamu, nikaunakili ubeti ule katika daftari langu, na jina chini yake.