Mliocheka safari yangu ya "kuangalia majani", somo hili ni lenu

Haya wandugu, nimerudi. Viatu vimejaa mchanga, na andalio la somo la Jumatano bado sijaligusa. Lakini silali kabla sijawajibu nyie mliocheka Ijumaa pale kantini: "Yaani mtu anaacha kwenda Chicago, anaenda kuangalia majani?"

Ndiyo. Nimeenda kuangalia majani. Na mliocheka hamjui mnachokicheka.

Sandhills iko hapa hapa Nebraska tunakosoma. Ni zaidi ya robo ya jimbo, karibu kilomita za mraba 50,000. Mkoa wa Kilimanjaro unaingia mara tatu na chenji inabaki. Ni matuta ya mchanga, mengine yanapita mita 100 kwenda juu, ila yote yamevaa nyasi. Mwezi huu wa Oktoba zimegeuka nyekundu-nyekundu kama shaba. Fukua kidogo kwa mkono: mchanga mtupu.

Mnasema hakuna kitu kule. Mmejuaje? Barabara kuu ya 80 inapita kusini, kandokando ya mto Platte. Mtu anakoroma kwenye basi mpaka Denver, akiamka anasema ameiona Nebraska!

Halafu hayo majani mnayoyadharau ndiyo yanayoshikilia nchi. Karibu miaka 1,000 iliyopita ukame mrefu uliyaua, na matuta yakaanza kutembea. Mwaka 1904 serikali ya Marekani ilipitisha sheria ya kugawa ekari 640 kwa kila mlowezi huku. Waliolima wengi walishindwa, maana ukiondoa nyasi, upepo unaondoa shamba. Waliobaki wakafuga ng'ombe, na mpaka leo ni nchi ya ng'ombe. Mvua ikinyesha inazama moja kwa moja mchangani na kulisha hazina kubwa ya maji ya Ogallala iliyo chini. Ndiyo maana unashuka tuta kavu, unakuta ziwa limetulia na bata wake. Sisi tulitembea kwenye hifadhi ya Valentine, kwa sababu sehemu kubwa ni ranchi za watu, huingii hivi hivi.

Mtasema hela. Tulikuwa watano, tukachangia mafuta, chakula tukabeba. Safari ya Chicago ingenimaliza.

Sasa nijiseme na mimi, nisionekane mjuaji. Jioni mwenye gari akaniuliza kama kwetu kuna matuta ya mchanga. Nikaanza mbwembwe: lipo moja karibu na Olduvai, jeusi, la majivu ya volkano, lina umbo la mwezi mwandamo, upepo unalisukuma kama mita 17 kwa mwaka. Akauliza, "Ukiwa juu yake unalisikia likitembea?"

Jamani, nilinyamaza. Sijawahi kufika. Nilikariri, nikalichora kwenye mtihani, nikapata vema zote, basi. Nimevuka bahari kuja kukanyaga mchanga wa wenzangu kabla ya wetu.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo, na unatuhusu sana sisi tunaosomea ualimu. Miaka miwili ijayo tutasimama mbele ya watoto arobaini na chaki mkononi. Mwalimu aliyekariri huzalisha waliokariri. Na mtoto aliyefundishwa kwamba penye majani tu "hakuna kitu", akikua na kupewa trekta au saini ya ofisini, atapafanya pasiwe na kitu kweli.

Kwa hiyo acheni kupima mahali kwa urefu wa maghorofa. Nikifika nyumbani likizo, kituo cha kwanza baada ya kumsalimia mama ni Olduvai. Mwezi ujao gari linarudi Sandhills na kuna nafasi moja. Uliyecheka kuliko wote unajijua. Njoo, ila vaa viatu vya kufunga, kuna miiba.