Toa injini, tia mota: Somo la kazi ndani ya ndege ya kuchezea

Siku hizi boda za umeme ziko kila kona ya jiji. Zinapita kimya hadi unashtuka ikiwa imeshakufikia mgongoni. Wengi wetu tunauliza: nitaipata wapi ya mkopo? Mimi nina swali lingine. Zikiharibika, nani atazitengeneza?

Acha nikwambie swali hilo lilinijia wapi. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ikakataa. Nikabaki kwa keja na ndege ya kuchezea, ile ya kuongozwa na rimoti, ambayo jamaa alitaka kutupa kwa sababu injini ilikuwa imekwama. Injini hizo hunywa methanoli iliyochanganywa na oili. Kuyapata mafuta hayo ni shughuli, kwa hivyo nikasema naitia stima.

Nilidhani ni kazi ya kufungua skrubu nne. Nikatia mota kubwa na propela kubwa, halafu nikabania pesa kwenye kontrola. Ndege ilikimbia kwa nyasi, ikainua pua, ikaanguka. Nilipoifikia, kontrola ilikuwa inatoa moshi.

Mota haikuwa na makosa. Mimi ndiye sikupiga hesabu.

Ebu tuipige pamoja. Ndege ya kujifunzia ina uzani wa kilo 2.5 hivi. Ili iruke vizuri, kadiria wati 200 kwa kila kilo. Hizo ni wati 500. Betri ya lithiamu ya seli nne ina volti 14.8. Gawanya 500 kwa 14.8, unapata karibu ampea 34. Kontrola yangu ilikuwa ya ampea 30. Ingeponea wapi? Ilitakiwa ya 50 au 60, na tundu la kupitisha hewa iipoze.

Betri ya ampea-saa 4 ukiikamua hivyo bila kupumzika, inaisha kwa dakika 7. Na hufai kuimaliza yote, kwa sababu seli ikishuka chini ya volti 3 inaharibika.

Halafu kuna uzani. Kilo moja ya methanoli ina nishati zaidi ya mara 20 ya kilo ya betri ya lithiamu. Mota husaidia kwa kuwa haipotezi nguvu nyingi kama joto, jinsi injini inavyofanya. Lakini mafuta yakiisha ndege inakuwa nyepesi, ilhali betri ikiisha unaibeba vilevile. Ukiiweka nyuma sana, ndege haishikiki.

Sasa toa mabawa, weka magurudumu. Hesabu ni ileile: uzani, wati, ampea, joto. Kampuni ya Opibus, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 2017 na sasa inaitwa Roam, ilianza kwa kutoa injini kwenye magari ya kubeba watalii na kuyatia mota. Na mambo madogo yamewahi kuzaa makubwa. Fred Militky alihangaika miaka mingi na ndege ndogo za kuchezea za umeme. Oktoba 1973, huko Austria, ndege ya umeme aliyoisanifu, MB-E1, ikambeba mtu mzima angani.

Serikali yetu imesukuma upande wa kuchaji. Tangu 2023 kuna bei maalum ya stima kwa magari na pikipiki za umeme. Ni sawa. Lakini bei nafuu haimfundishi mtu kupima seli. Tukikosa kujifunza mambo ya ndani, sisi vijana tutakuwa wa kuendesha na kulipa mkopo tu, na boda ikizima utabaki kungoja mwenye kampuni aje kuifungua. Vyuo vya ufundi vingeweza kuanza na mradi mdogo kama huu, ambapo ukikosea unaunguza kontrola moja, si pikipiki ya mtu.

Utaniambia huu ni mchezo wa wenye pesa. Kweli, mota, betri na chaja si bei ya chapo na ndengu. Ndiyo maana hufanyi peke yako. Watu watano wakichanga, wanatumia chaja moja. Na usijidanganye: kutia ndege stima hakukufanyi fundi wa boda. Betri ya pikipiki ina nguvu ya kukuumiza vibaya, na hiyo unafunzwa na anayeijua.

Ukianza, shika haya. Toa propela unapojaribu mota mezani, kwa sababu inaweza kuzunguka ghafla na vidole havioti tena. Usichaji ukiwa umelala. Betri ikivimba, usiichaji tena. Lithiamu ikishika moto ndani ya bedsita, huna pa kukimbilia. Na kabla ya kurusha, ulizia KCAA. Kuna kanuni za mwaka 2020 za ndege zisizo na rubani, na jiji hili lina Wilson, JKIA na kambi ya jeshi la angani ya Eastleigh. Usiseme "ni ya kuchezea tu".

Ndege yangu iliruka mara ya tatu. Dakika tano, ikatua. Hakuna aliyenipa cheti, lakini boda ya jirani ilipozima wiki iliyofuata, nilijua la kumuuliza kwanza: betri inasoma volti ngapi?

Wewe ungemuuliza nini?