Mifupa ya Mikono na Miguu, na Wajibu wa Mwalimu wa Kiswahili

Kuna mazoea yaliyoota mizizi katika shule za mwambao wetu wa Ziwa Tanganyika, tangu Kizuka na Rumonge mjini hadi Nyanza-Lac, nayo hatuna budi kuyapinga waziwazi katika kurasa hizi. Mwanafunzi hufundishwa mifupa ya mikono na miguu kana kwamba anafundishwa wimbo wa kigeni. Hukariri humerusi, radiusi, kubitusi, femuri, tibia, perone. Kesho yake huyamwaga majina hayo juu ya karatasi ya mtihani. Na keshokutwa, ukimwomba akuonyeshe perone ilipo katika mguu wake mwenyewe, hutazama dari. Twasema kwamba huko si kujifunza. Twasema pia kwamba dawa ya maradhi haya ni kikundi cha masomo kinachozungumza lugha ambayo wanafunzi wanaielewa, na kwamba mwalimu wa Kiswahili anayejitenga kwa kisingizio kuwa "hiyo ni sayansi" anaikimbia kazi yake.

Kwanza tuupime mzigo wenyewe. Mtu mzima ana mifupa 206. Kati ya hiyo, 126 ni ya mikono na miguu pamoja na ile ya mabega na nyonga inayoishikilia. Kila mkono, kuanzia chini ya bega, una mifupa 30: mmoja wa mkono wa juu, 2 ya kigasha, 8 ya kifundo cha mkono, 5 ya kiganja na 14 ya vidole. Kila mguu nao una 30: fupa la paja, pia ya goti, 2 ya chini ya goti, 7 ya kifundo na kisigino, 5 ya wayo na 14 ya vidole. Mtoto anayeketi peke yake usiku na orodha ndefu kama hii, kwa lugha asiyoitumia nyumbani wala sokoni, ataishika kwa juma moja, kisha itamponyoka.

Sasa wakusanye watoto watano chini ya mchikichi, uwaambie wajifunze kwa miili yao. Mmoja anyoshe mkono. Wa pili amshike kigasha. Wa kwanza ageuze kiganja juu, kisha chini. Yule aliyeshika atasikia kwa vidole vyake jinsi mfupa wa upande wa kidole gumba unavyouzunguka mwenziwe wa upande wa kidole cha mwisho. Wa tatu aulize: kwa nini vidole vitano vina mifupa 14, wala si 15? Wahesabu pingili, wagundue kwamba kidole gumba kina mbili na vingine vina tatu tatu. Wa nne na wa tano waandike yaliyosemwa, kila mmoja kwa maneno yake, kisha walinganishe. Baada ya Idi ya kuchinja, mifupa ya mbuzi haikosekani Rumonge. Waichukue, waisafishe, wailinganishe na yao. Wataona kwamba kile tunachokiita goti katika mguu wa mbele wa mbuzi hakilingani na goti la mtu hata kidogo, bali kinalingana na kifundo cha mkono. Tena wataona kwamba mbuzi hana mtulinga. Mambo hayo hayasahauliki, kwa kuwa mtoto ameyashika, ameyabishania na kuyasema. Wazee walinena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa.

Wapo wanaotupinga, nasi tutawajibu mmoja mmoja.

Wa kwanza husema kwamba Kiswahili hakina maneno ya mambo haya. Tuwaulize: wameyatafuta wapi wakayakosa? Mfupa unaokwenda kutoka shingoni hadi begani ni mtulinga. Fupa pana la mgongoni nyuma ya bega ni kombe la bega. Sehemu ya mkono kati ya kisugudi na kifundo ni kigasha. Mfupa mdogo wa mviringo ulio mbele ya goti ni pia ya goti. Mfupa wa mbele ya mguu, ule unaouma sana ukigongwa na ubavu wa mtumbwi, ni muundi. Vipande vya vidole ni pingili, kama pingili za muwa. Tena si hayo tu. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Asemaye maneno hayapo angesema kweli zaidi kama angesema kwamba hajawahi kuyasoma.

Na majina hayo ya kitaalamu tunayoyaogopa yametoka wapi? Yametoka jikoni, barabarani na vitani kwa watu wa kale wa Ulaya. Tibia kwa Kilatini ni filimbi pia. Fibula ni pini ya kufungia vazi. Radius ni kijiti cha gurudumu. Patella ni kisahani. Jina la mtulinga kwa Kilatini maana yake ni ufunguo mdogo. Pingili za vidole zilipewa jina la Kigiriki la safu za askari. Waliofanya hivyo walitazama mfupa, wakautafutia mfano katika vitu walivyovijua. Nasi wahenga wetu walitazama goti wakaona pia ichezewayo na watoto. Wakatazama bega wakaona kombe. Akili ni ile ile, na mwenye kuucheka mfano wa kwetu na kuuheshimu wa kwao hana hoja ya kisayansi.

Wa pili husema kwamba mtihani ni wa Kifaransa, hivyo Kiswahili kitamchelewesha mtoto. Sisi hatukusema Kifaransa kitupwe. Mtoto lazima alijue jina litakaloulizwa. Lakini aujue mfupa kwanza, kisha aupe jina, na jina la pili, na la tatu. Kifaransa chenyewe hakikusimama mahali pamoja: walioitwa jana kubitusi, perone na rotula, leo katika vitabu vipya wanaitwa ulna, fibula na patella. Mtoto aliyekariri jina tupu akikutana na kitabu kipya hupotea. Aliyeujua mfupa hubadilisha jina kama mtu abadilishavyo kanzu, na mwili ukabaki ule ule.

Wa tatu husema kwamba Kiswahili ni cha wageni, na kwamba mtoto wa Burundi anatosheka na Kirundi. Hao tunawaomba wagonge muundi wao wasikilize. Kirundi huiita sehemu hiyo ya mguu umurundi. Umurundi na muundi ni neno moja la Kibantu lililotembea njia mbili. Kiswahili kiliidondosha sauti ya katikati, Kirundi kikaihifadhi. Igufa na fupa nazo ni ndugu. Katika kikundi cha masomo, mtoto anayesema umurundi, mwenziwe akasema muundi, na wa tatu akaandika tibia, wamefanya uchunguzi wa lugha kwa dakika moja, uchunguzi ambao sisi walimu twaweza kuufanyia vipindi viwili bila kuumaliza.

Hapa kuna jambo zito zaidi. Wakimbizi waliovuka mpaka mwaka 1972 walianza kurejea kwa wingi mwaka 2008 kutoka makazi yao ya Tanzania, na wengi walirudi katika ukanda huu wa Rumonge na Nyanza-Lac. Watoto wao walikuwa wamesoma sayansi ya shule ya msingi kwa Kiswahili, kwa kuwa Tanzania ilikifanya lugha ya kufundishia shule za msingi tangu 1967. Waliingia katika madarasa ya Kifaransa wakaonekana wajinga, ilhali wengine walijua mambo ambayo jirani zao wa dawati hawakuyajua. Ni kikundi cha masomo tu, chenye ruhusa ya kusema Kiswahili, ambacho kingeweza kumgeuza mtoto wa namna hiyo kuwa mwalimu wa wenziwe huku naye akipokea Kifaransa kutoka kwao. Darasa linaloziba kinywa cha mtoto kwa sababu ya lugha hutupa elimu aliyokuja nayo, na hasara hiyo haihesabiwi katika matokeo ya mtihani wowote.

Wa nne husema kwamba vikundi huzaa uvivu: mmoja husoma, wanne hunakili. Hoja hii ina ukweli ndani yake, ila inalaumu kikundi kisichosimamiwa. Kikundi kiwe cha watu wanne au watano, kisizidi. Kila mmoja apewe sehemu yake: huyu bega na mkono wa juu, huyu kigasha na kiganja, huyu paja na goti, huyu muundi na wayo. Kila mmoja afundishe sehemu ya mwenziwe wala si yake, maana hapo ndipo uvivu unapoonekana. Na mwalimu achague msemaji kwa ghafula.

Tunawageukia sasa walimu wenzetu wa Kiswahili. Tangu Kiswahili kiingie shule za msingi za Burundi katikati ya miaka ya 2000, wengi wetu tumetosheka na ngeli, methali na insha juu ya safari ya sokoni. Vitu hivyo ni vyema. Lakini lugha inayofundishwa kwa methali peke yake itaheshimiwa kama mzee anayeheshimiwa na asiyeombwa shauri. Mkwea michikichi akianguka Kizuka akavunjika mkono, na mvuvi wa ndagala akiteguka kifundo, huzungumza na muuguzi kwa Kirundi au kwa Kiswahili. Muuguzi huyo jana alikuwa mwanafunzi wetu. Kama tulimwachia orodha ya Kifaransa tu, atamwelezaje mgonjwa kwamba mfupa uliovunjika ni ule wa upande wa kidole gumba, na kwamba asiugeuze mkono?

Onyo moja la mwisho. Mwalimu asichukue kamusi akanakili ubaoni istilahi ishirini za Kiswahili bila kuzieleza. Huko ni kubadilisha kasuku wa Kifaransa kwa kasuku wa Kiswahili. Palipo na neno la watu, tulitumie. Palipo na pengo, tueleze kwa maneno ya wazi, "mfupa mwembamba wa upande wa nje wa muundi", kisha tuazime fibula bila aibu.

Basi muhula huu kila mwalimu wa Kiswahili amwendee mwenziwe wa sayansi, ampe vipindi viwili vya utungaji, na wanafunzi waandike kwa vikundi maelezo ya mkono na mguu: mifupa 30 na 30, kazi ya kila sehemu, na majina yake kwa lugha zote wanazozijua. Maelezo yaliyo bora tuyaletee katika jarida hili, tuyasome sote.