Usonji na jeni: Kwa nini akina mama wasilaumiwe

Ubongo wa binadamu ni mkubwa takriban mara tatu kuliko wa sokwe. Mwaka 2018, watafiti wa Marekani na Ubelgiji walieleza sehemu ya sababu: jeni za kundi la NOTCH2NL, zilizo katika kromosomu namba 1, ambazo kati ya viumbe vilivyo hai hufanya kazi kwa binadamu pekee. Huchelewesha kukomaa kwa seli changa za ubongo tumboni, hivyo seli hizo hupata muda wa kuongezeka.

Lakini nakala za jeni hizo zinafanana mno, na mbegu za uzazi zinapotengenezwa hutokea makosa ya kuzipanga. Kipande hicho kikipotea, mtoto huweza kuzaliwa na kichwa kidogo. Kikizidi, kichwa huweza kuwa kikubwa, na uwezekano wa usonji huongezeka. Hiyo si sababu pekee ya usonji, ila ni mojawapo.

Tunalieleza hili kwa sababu katika jamii zetu mama bado hunyooshewa kidole: karogwa, ana laana. Hitilafu hii hutokea yenyewe, au hurithiwa kwa baba au mama, ambaye huenda hana dalili yoyote.

Takwimu nyingi za jeni duniani zimetoka kwa watu wenye asili ya Ulaya. Ndiyo maana utafiti wa NeuroDev, unaoshirikisha familia za Kilifi nchini Kenya na Afrika Kusini, una uzito: daktari hawezi kusoma vyema majibu ya mtoto wa Kiafrika bila kuwa na ya Waafrika wengine ya kulinganisha.