Mwisho Mwema na Lango la Boma: Dhidi ya Usomaji wa Pupa wa Ramsa za Kujitokeza

Dai moja limezoeleka mno katika mijadala ya sinema ya Afrika Mashariki, hata halidaiwi tena ithibati. Hunenwa kwamba sinema ya eneo hili imechelewa. Kwamba Marekani imekwisha kuyatoa mapenzi ya jinsia moja katika tanzia na kuyaingiza katika ramsa, ilhali Kenya ingali katika filamu za machozi na kesi za mahakamani. Na kwamba siku itakapotokea filamu ya Kikenya ya kuchekesha kuhusu kijana anayewafunulia wazazi wake kuwa anapenda watu wa jinsia yake, siku hiyo sinema hii itakuwa imekomaa. Dai hili lina sura ya ukarimu. Kwa hakika ni usomaji mbaya wa utanzu, na ubaya wake unaanzia pale linapodhani kwamba kicheko hutegemea ustadi wa mtunzi peke yake.

Utanzu wenyewe unafahamika. Katika The Birdcage ya Mike Nichols (1996), wanaume wawili wanaoishi pamoja wanayaficha maisha yao kwa ajili ya karamu ya jioni moja, ili kijana wao apate kumwoa binti wa seneta. Katika In & Out ya Frank Oz (1997), Howard Brackett, mwalimu wa mji mdogo wa kubuni katika jimbo la Indiana, anatajwa na mwanafunzi wake wa zamani mbele ya kamera za tuzo za Oscar kwamba anapenda wanaume. Siku ya harusi yake anakiri mbele ya bibi harusi. Na katika mahafali ya shule watu wa mji wanasimama mmoja baada ya mwingine kumtetea, kila mmoja akijidai kuwa naye ni vivyo hivyo. Katika Love, Simon ya Greg Berlanti (2018), siri ya mwanafunzi wa sekondari inatobolewa mtandaoni, wazazi wake wanampokea, na hadithi inafungwa kwa busu juu ya bembea kubwa la duara huku wenzake wakishangilia.

Msuko ni mmoja: siri, hofu, kutobolewa kwa siri, shangwe. Kinachouwezesha msuko huu kuchekesha ni kanuni moja ambayo wahakiki wengi huiruka. Hofu ya mhusika sharti iwe kubwa kuliko hatari inayomkabili. Mtazamaji hucheka kwa sababu anajua jambo ambalo mhusika hajalijua bado, yaani kwamba nyumba haitavunjika. Howard anaogopa kuchekwa na kupoteza kazi. Haogopi kufungwa jela, kwani Indiana ilikuwa imekwisha kuifuta sheria ya kuadhibu mapenzi hayo katika miaka ya 1970. Simon anaogopa macho ya wenzake; haogopi kwamba atakosa mahali pa kulala. Tofauti kati ya ukubwa wa hofu na udogo wa hatari ndiyo nafasi ambamo kicheko kinaingia. Ikizibwa nafasi hiyo, msuko ule ule hugeuka tanzia bila ya kubadilishwa hata tukio moja.

Historia ya utanzu inathibitisha jambo hili. E.M. Forster aliiandika riwaya yake Maurice mwaka 1913 na 1914, akakusudia tangu mwanzo kwamba wapenzi wake wawili wamalize hadithi wakiwa pamoja na wenye furaha. Riwaya hiyo haikuchapishwa hadi 1971, baada ya kifo chake, na miaka minne baada ya Uingereza kulegeza sheria yake mwaka 1967. Forster mwenyewe alielewa kwamba kikwazo kilikuwa katika mwisho: hadithi iliyomalizikia katika kifo au toba ingaliweza kuvumiliwa. Hollywood nayo ilikuwa na ada kama hiyo. Katika The Children's Hour ya 1961, mwalimu anayekiri kwamba anampenda mwanamke mwenziwe hujiua. Kumtaja mtu wa namna hiyo kuliruhusiwa maadamu hakutoka katika hadithi akiwa hai na mwenye furaha. Kwa hiyo ramsa za miaka ya 1990 hazikuzaliwa na watunzi waliokuwa wachangamfu kuliko waliowatangulia. Zilizaliwa pale sheria na jamii zilipoanza kuuachia mwisho.

Hapo ndipo filamu ya Kenya inaposomwa vibaya. Rafiki ya Wanuri Kahiu ilipigwa marufuku na Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya mnamo Aprili 2018, mwezi mmoja tu baada ya Love, Simon kuingia katika majumba ya sinema ya Marekani, na muda mfupi kabla ya kuonyeshwa Cannes, ikiwa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa katika tamasha hilo. Kahiu ameeleza hadharani kwamba bodi ilimtaka aubadilishe mwisho, kwa kuwa ulikuwa na matumaini mno na haukuonyesha majuto. Jambo hili limetajwa mara nyingi kama kioja cha urasimu. Linastahili kusomwa kama hukumu ya kihakiki. Bodi haikutaka wasichana wale waondolewe katika hadithi, wala haikutaka kupigwa kwao na kundi la watu kuondolewe. Ilitaka tanzia. Ilielewa, kuliko wahakiki wengi walioiandika filamu hii kama hati ya haki za binadamu, kwamba Rafiki kimsingi imejengwa kwa mifupa ya ramsa.

Mifupa hiyo ni dhahiri kwa yeyote anayeitazama bila haraka. Kena na Ziki ni mabinti wa wanasiasa wawili wanaoshindania kiti kimoja. Huo ni mgogoro wa nyumba mbili hasimu ambao ramsa na tanzia zimeugawana tangu kale. Mama Atim, mwenye kibanda cha chakula, ni mmbeya asiyepitwa na neno, mhusika ambaye ramsa ya mtaani haiwezi kusimama bila yeye. Rangi zinang'aa, vijana wanacheza, mtaa unasikiliza kila mlango. Kisha vurugu inaingia, na Ziki anapelekwa London. Lakini hadithi haikomei hapo. Ziki anarudi, na picha ya mwisho ni mkono juu ya bega. Istilahi ya Kiswahili kwa umbo hili ipo siku nyingi: tanzia-ramsa. Hatari katika filamu hii ina ukubwa sawa na hofu, na hata hivyo mwisho unakataa kusalimu amri. Kudai kwamba kazi ya namna hii ni hatua ya utoto kuelekea Love, Simon ni kuugeuza ujasiri wa kiutunzi kuwa upungufu. Mnamo Septemba 2018 Jaji Wilfrida Okwany wa Mahakama Kuu aliisimamisha marufuku kwa siku saba ili watu wazima waitazame. Ni ramsa ngapi za Marekani zilizopewa mwisho wao kwa amri ya mahakama, tena kwa juma moja?

Aidha, sheria si ukuta wa pekee. Vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, ambavyo Mahakama Kuu ilikataa kuvibatilisha tarehe 24 Mei 2019, vinataja kifungo cha hadi miaka 14; lakini kijana hasemi siri yake kwa hakimu. Husema nyumbani. Na nyumba si kitu kimoja kila mahali. Sitiari ya Kiingereza ya kujitokeza ni ya kabati: mtu amejificha ndani ya samani, katika chumba chake mwenyewe, na kinachotakiwa ni kuufungua mlango na kusimama sebuleni. Sitiari hiyo inakichukulia chumba kuwa tayari ni chake.

Mfano wa Awendo unalidhihirisha jambo hili. Huu ni mji wa miwa katika Kaunti ya Migori, kando ya barabara itokayo Kisii, na vijiji vyake vingi ni vya maboma ya Wajaluo. Katika boma hilo, dala, kijana wa kiume hujenga simba, nyumba ya kapera, karibu na lango la baba yake. Simba ni makazi ya muda. Kwa desturi, kijana hutoka humo kwenda kuanzisha boma lake akiandamana na baba yake, mkewe na mtoto wake wa kiume, pamoja na jogoo na shoka. Mpangilio wa kuoa na kujenga hufuata mpangilio wa kuzaliwa, hivi kwamba anayekawia huwazuia wadogo zake. Na bomani ndiko mtu anakozikwa: kesi ya maziko ya wakili S.M. Otieno, iliyomalizika mwaka 1987, iliionyesha Kenya nzima uzito ambao mahakama yenyewe iliweza kuipa desturi hiyo.

Katika mpangilio kama huu, kujitokeza hakuwezi kuwa hotuba ya mezani inayofuatwa na kumbatio. Simon akisema, chumba chake kinabaki chumba chake. Kijana wa Awendo akisema, anakuwa amegusa zamu ya ndugu zake, lango ambalo lingekuwa lake, na mahali pa kaburi lake. Mzazi anayempenda kwa moyo wote bado atabaki na swali ambalo upendo peke yake haulijibu. I Am Samuel ya Peter Murimi, filamu ya hali halisi iliyopigwa marufuku nchini Kenya mwaka 2021, imeliona hilo barabara: mhusika wake ni mwana wa shamba la magharibi mwa Kenya, baba yake ni mhubiri, na mgogoro unazunguka swali la lini ataoa. Nyumba, ambayo katika ramsa za Marekani ni mandhari tu, hapa ndiyo hoja.

Yupo pia mpinzani wa upande wa pili, naye hastahili kuachwa bila jibu. Huyu hudai kwamba suala hili ni geni, na kwamba kulifanyia mzaha ni kuingiza ugeni kwa mlango wa nyuma. Lugha yenyewe inamkanusha. Kahiu ameeleza kwamba aliichagua anwani Rafiki kwa sababu wapenzi wa jinsia moja humtambulisha mwenzi kwa neno hilo. Na neno shoga, kabla ya kuwa tusi la mjini, lilikuwa na lingali ni neno ambalo wanawake wa pwani humwitia mwandani wao. Kiswahili kimelihifadhi suala hili chini ya maneno ya usuhuba kwa muda mrefu. Tena, filamu hii imetokana na hadithi fupi ya Mganda Monica Arac de Nyeko, Jambula Tree, iliyopata Tuzo ya Caine mwaka 2007. Msimulizi wake anaitwa Anyango. Hakuna kijiji cha Awendo ambako jina hilo ni geni. Katika kuihamishia hadithi Nairobi, filamu ilimbadilisha Anyango kuwa Kena. Mhakiki anayetafuta ugeni na auanze utafiti wake katika mabadiliko hayo.

Suala la kicheko lenyewe lina historia ambayo mtazamaji wa Awendo anaijua kutoka upande wa anayechekwa. Kwa miaka mingi Vitimbi, kipindi cha televisheni ya taifa, kiliwachekesha Wakenya kwa Mzee Ojwang', mhusika mwenye lafudhi nzito ya Kijaluo, aliyeigizwa na Benson Wanjau, ambaye hakuwa Mjaluo. Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, alipendwa, na Wajaluo wengi walicheka pamoja na wengine. Lakini yeyote aliyewahi kusikia lafudhi yake mwenyewe ikichezwa na mtu mwingine anajua kwamba kicheko kina wamiliki, na kwamba kupendwa kama kichekesho si sawa na kukaribishwa. Mwanamume anayeigizwa kama mwanamke ili ukumbi ucheke yuko katika nafasi iyo hiyo. Hali kadhalika wasimulizi kama DJ Afro, wanaozipa filamu za kigeni sauti ya Kiswahili na Sheng kwa ajili ya vibanda vya video, wameonyesha kwamba pa kucheka huamuliwa upya kila filamu inapovuka mpaka. Filamu ya In & Out ikipita katika kinywa cha msimulizi wa namna hiyo, hakuna kinachomhakikishia Howard kwamba atachekwa pale Frank Oz alipokusudia. Wanaotaka ramsa iletwe kama ilivyo hawajajiuliza itatua mikononi mwa nani.

Kwa hiyo kipimo cha uchelewaji kiachwe. Ramsa ya kujitokeza ni utanzu wa mahali ambapo swali la nyumba limekwisha kujibiwa kabla ya filamu kuanza. Ndiyo maana ni nyepesi, na ndiyo maana aghalabu husahaulika upesi. Pale ambapo swali hilo halijajibiwa, mtunzi anayeandika mwisho mwema anafanya kazi nzito zaidi, na mhakiki ana wajibu wa kuuona uzito huo badala ya kumsubiri aige. Yamkini ramsa ya Awendo itaandikwa. Ikiandikwa, haitahitaji bembea wala ukumbi wa mahafali. Itahitaji baba anayesimama langoni na jogoo wake, wadogo wanaosubiri zamu, jirani asiyepitwa na neno, na simba ambayo mwenyewe amekwisha kusema ukweli na bado hajafukuzwa. Atakayeweza kuwachekesha watu wa boma hilo bila kumcheka mwenye simba hatakuwa amewafikia Wamarekani. Atakuwa ameandika jambo ambalo wao hawajalazimika kuliandika.